Kosa la upasuaji: lini ni bahati mbaya, lini ni ukiukaji wa maadili ya kazi?

Mgonjwa akitoka thieta hali yake ikiwa mbaya kuliko alivyoingia, huku kwetu husikika kauli mbili. Ya kwanza husemwa kwa sauti ya chini, matangani au kando ya kitanda: ni kadari ya Mungu, tushukuru. Ya pili husemwa kwa hasira nje ya lango la hospitali: daktari ameua. Kauli hizi zinapingana, lakini mwisho wake ni mmoja. Hakuna anayeuliza ni nini hasa kilichofanyika ndani ya chumba kile, nani alikifanya, na alitakiwa afanyeje. Aliyekubali kadari anarudi nyumbani na swali lake moyoni. Aliyepiga kelele anatulizwa na wazee, na baada ya wiki mbili hakuna anayezungumzia jambo lile tena.

Katikati ya kauli hizo mbili kuna swali ambalo sheria za Kenya zimelijibu kwa kiasi kikubwa: ni wakati gani kosa la daktari wa upasuaji linakuwa ukiukaji wa maadili ya kazi yake, kiasi cha kuitwa mbele ya Baraza lililompa leseni? Mkaazi wa Kwale ana sababu ya kulijua jibu, awe ametibiwa katika hospitali ya rufaa ya kaunti pale Msambweni, Kinango, hospitali ya kibinafsi Diani, au amevushwa Likoni kupelekwa Mombasa.

Si kila kuteleza ni uzembe

Tuanze na lile ambalo wengi hawapendi kulisikia. Daktari anaweza kufanya kila kitu sawasawa na mgonjwa akaumia. Anaweza hata kukosea kidogo, na bado asiwe na hatia. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ililieleza jambo hili katika kesi ya Pope John Paul's Hospital dhidi ya Baby Kasozi, na mawakili wa Kenya huitaja hadi leo. Maana yake kwa maneno ya kawaida ni kwamba mtu anayejitangaza kuwa na ujuzi fulani lazima awe nao kweli, na lazima awe mwangalifu. Lakini sheria haimfanyi kuwa bima dhidi ya kila kuteleza. Anapimwa kwa uangalifu wa mtaalamu wa kawaida wa kazi ile, katika mazingira yaleyale aliyokuwamo. Hapimwi kwa daktari bingwa kuliko wote duniani, wala kwa matokeo peke yake.

Chukua mfano huu, ambao tumeubuni ili kueleza. Mama wa Mwabungo anajifungua kwa upasuaji mara ya tatu. Makovu ya pasuaji mbili za kwanza yamekifanya kibofu cha mkojo kishikamane na mji wa mimba. Daktari anapokata, anagusa kibofu na kukitoboa. Hatari hii inajulikana katika upasuaji wa uzazi, na huongezeka kwa mama aliyewahi kupasuliwa. Daktari analiona tundu, analishona hapohapo, anaacha mpira wa mkojo kwa siku kadhaa, anaandika yote kwenye faili, na mama akizinduka anaambiwa: kibofu kiliguswa, tumekishona, utakaa na mpira huu, ukiona dalili hizi rudi upesi. Mama huyu ameumia kweli, lakini daktari wake hakufanya kosa la kimaadili.

Sasa rudia mfano huohuo, kisu kilekile na tundu lilelile, ila ubadilishe yanayofuata. Daktari ana haraka, hakagui kabla ya kufunga. Siku ya pili tumbo la mama linavimba, muuguzi anampigia simu mara tatu, haji. Siku ya nne mama anahamishwa kwa gari la wagonjwa, na karatasi ya rufaa haisemi lolote kuhusu kibofu. Mwanzoni jeraha ni lile la mfano wa kwanza. Linalotenganisha mifano hii miwili ni mwenendo wa daktari baada ya kukata.

Wachunguzi wa malalamiko, kwa hiyo, hutazama sana kabla na baada ya kisu. Je, alijiandaa? Alikuwa na ujuzi wa upasuaji ule? Alimkagua mgonjwa kwa macho yake? Tatizo lilipotokea, alikuja? Alisema ukweli? Aliandika kilichotokea, au faili iliandikwa upya baadaye?

Dar es Salaam 2007, Nairobi 2018

Yapo makosa ambayo hayahusu ugumu wa kazi hata kidogo, na Afrika Mashariki imeyaona mawili yaliyotikisa watu.

La kwanza lilitokea Novemba 2007 katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walikuwa wakingoja upasuaji. Mmoja alihitaji kutibiwa mguu, mwingine kichwa. Walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la mguu akafunguliwa kichwa, na aliyekuwa na uvimbe kichwani akapasuliwa mguu. Huyu wa pili alifariki baadaye. Yule wa kwanza alipelekwa India kwa matibabu.

La pili ni la hapa kwetu. Mwanzoni mwa Machi 2018 Wakenya waliamka na habari kwamba katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mgonjwa asiye sahihi alikuwa amefunguliwa fuvu. Wanaume wawili walikuwa wodini. Mmoja alikuwa na damu iliyoganda kwenye ubongo na alihitaji upasuaji. Mwingine alikuwa na uvimbe kichwani ambao haukuhitaji kisu. Vitambulisho vyao vilichanganywa, akapelekwa thieta asiyestahili. Timu iligundua baada ya saa kadhaa, walipokosa kuiona ile damu iliyoganda. Hospitali ilimsimamisha kazi daktari wa upasuaji, muuguzi wa wodi, muuguzi aliyempokea mgonjwa thieta na mtaalamu wa dawa ya usingizi. Waziri wa Afya wa wakati huo, Sicily Kariuki, alimtuma mkurugenzi mkuu wa hospitali kwa likizo ya lazima. Madaktari wenzake wa yule aliyesimamishwa walipinga, wakisema mgonjwa aliletwa mbele yake akiwa tayari amewekewa jina lisilo lake.

Je, daktari yule alikiuka maadili ya kazi? Watu walibishana sana, na ubishi ule ulikuwa na maana. Upande mmoja, hakuna aliyesema mkono wake haukuwa na ustadi. Mgonjwa aliletwa na wengine, na jina liliandikwa na wengine. Upande wa pili, anayeshika kisu ndiye kituo cha mwisho kabla ya ngozi kukatwa. Kulinganisha jina, picha ya kichwa na mtu aliyelala mezani hakuhitaji ubingwa, kunahitaji dakika mbili. Kwa maoni ya mwandishi, makosa ya aina hii ni mazito kimaadili kuliko mshono uliolegea, kwa sababu njia ya kuyazuia inajulikana na ni rahisi. Lakini pia ni vigumu kumtwika mtu mmoja mzigo ambao watu wanne waliubeba pamoja, na hospitali ambayo haikuweka utaratibu wa ukaguzi haiwezi kujificha nyuma ya kijana aliyekuwa zamu.

Hiyo njia rahisi tunayoisema ina historia inayotugusa. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji, yenye mambo 19. Ilijaribiwa katika hospitali za miji 8 duniani, na mmoja wa miji hiyo ni Ifakara, Tanzania. Matokeo yalichapishwa Januari 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha yenyewe haina maajabu. Kabla ya dawa ya usingizi, mgonjwa mwenyewe anathibitisha jina lake, sehemu itakayopasuliwa, na kwamba ameridhia. Kabla ya kukata, timu nzima inasimama na kutaja kwa sauti: huyu ni nani, tunafanya nini, wapi. Kabla ya mgonjwa kutoka, vifaa, sindano na vitambaa vinahesabiwa.

Ndiyo maana ukilazwa na kila anayepita anakuuliza tena jina lako, usikasirike na kusema hawa watu hawana kumbukumbu. Jibu kila mara, jina kamili. Ukiona mguu wako wa kulia ndio unaouma na alama imewekwa kushoto, sema hapohapo.

Kuhesabu vitambaa nako si jambo dogo. Kitambaa cha kupangusia damu kikipatikana tumboni mwa mgonjwa miezi mitatu baada ya upasuaji, mahakama haihitaji maelezo marefu kutoka kwa mlalamishi. Kitambaa hakiingii tumboni chenyewe. Mawakili huliita jambo linalojieleza, na hapo ni hospitali inayotakiwa kueleza kilifikaje.

Upasuaji uliofanikiwa pia unaweza kuwa kosa

Kuna upande mwingine ambao watu husahau. Ukiukaji wa maadili hauhitaji mkono uteleze. Unaweza kuwepo hata pale kazi ya kisu ilipofanywa vizuri sana.

Mwaka 2014 wanawake wanaoishi na virusi vya HIV walifika Mahakama Kuu jijini Nairobi wakieleza kwamba walifungwa mirija ya uzazi bila ridhaa yao halisi. Upasuaji ule ulifikia lengo lake. Hawakuzaa tena, na hilo ndilo lililokuwa lalamiko lao. Mwaka 2022 Mahakama iliamua kwamba kuwafunga mirija bila ridhaa iliyotolewa kwa kuelewa kulikiuka haki zao.

Uingereza kuna mfano wa ajabu zaidi. Daktari wa kupandikiza maini mjini Birmingham, Simon Bramhall, alipatikana kuwa alichoma herufi za jina lake juu ya maini ya wagonjwa wawili mwaka 2013, kwa kifaa cha kuzuia damu. Alama zenyewe hazikutarajiwa kuharibu ini. Hata hivyo alikiri shtaka la shambulio mahakamani mwaka 2017, na mwaka 2022 jina lake lilifutwa kwenye orodha ya madaktari. Kwa ustadi alisifika. Alichovunja ni imani ya mtu aliyelala hana fahamu.

Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 inalitaja suala la ridhaa waziwazi. Mgonjwa ana haki ya kuelezwa hali yake, njia za matibabu zilizopo, manufaa, hatari na gharama, na haki yake ya kukataa. Na aelezwe kwa lugha anayoielewa. Tulisisitize hili kwa Kwale, ambako nyanya wa Kinango anaweza kuzungumza Kiduruma tu, na mzee wa Vanga asisome Kiingereza. Dole gumba lililobandikwa kwenye karatasi ambayo hakuna aliyemsomea ni wino tu, haliwezi kuitwa ridhaa. Ukiletewa fomu, una haki ya kusema: nisomee, niambie ni nini kinaweza kwenda vibaya. Ridhaa inaweza isisubiriwe, kwa mfano, pale mgonjwa hawezi kuitoa na kuchelewa kungeleta kifo au madhara yasiyorekebishika. Wala kusaini fomu hakumpi daktari ruhusa ya uzembe. Unakubali hatari za kawaida za upasuaji. Hujakubali kuachwa bila kuangaliwa.

Mengine yanayomtoa daktari kwenye bahati mbaya na kumwingiza kwenye kosa la kimaadili ni haya: kufanya upasuaji asioufundishwa wakati rufaa ingewezekana, kufika kazini amelewa, kumtelekeza mgonjwa aliyemfungua, kumpasua mtu asiyehitaji ili apate malipo, kudai hongo, kufanya kazi bila leseni ya mwaka huo, na kubadilisha faili. Hili la faili lina uzito wa pekee. Kosa la saa tano usiku katika dharura linaweza kueleweka. Faili iliyoandikwa upya asubuhi yake imeandikwa na mtu mwenye akili timamu aliyekaa kitini.

Mazingira nayo huhesabiwa. Daktari wa zamu peke yake usiku, damu ya kundi fulani imekwisha, na mgonjwa amefika akiwa amechelewa kutoka Shimoni au Lungalunga, hapimwi sawa na daktari aliyepanga upasuaji wake wiki mbili kabla. Lakini mazingira magumu hayawi udhuru wa kutokwenda kumwona mgonjwa.

Milango mitatu tofauti

Familia nyingi hukwama kwa kugonga mlango usio wao. Ukitaka daktari achunguzwe kikazi, mlango ni Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya, KMPDC. Lilikuwa likiitwa Bodi hadi sheria ilipobadilishwa mwaka 2019. Linafanya kazi chini ya Sheria ya Madaktari, Sura ya 253. Kifungu cha 20 kinampa mtu yeyote asiyeridhika na huduma ya daktari, au anayedai viwango vimekiukwa, haki ya kulalamika. Huhitaji wakili ili kulalamika. Baraza likimkuta na hatia, linaweza kumwonya kwa maandishi, kumwamuru arudi mafunzoni, kumweka chini ya uangalizi, kumtoza faini, kusimamisha leseni yake, au kulifuta jina lake kabisa. Linaweza pia kuigusa leseni ya hospitali. Asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Mahakama Kuu.

Fahamu kwamba si kila aliyevaa nguo za thieta ni daktari. Maafisa wa kliniki, ambao baadhi yao hutoa dawa ya usingizi, wana Baraza lao. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi la Kenya. Ukituma malalamiko kwa Baraza lisilohusika utapoteza miezi. Kwa hiyo uliza: aliyenipasua ni nani, na cheo chake ni kipi? Orodha ya madaktari waliosajiliwa iko kwenye tovuti ya KMPDC, na mtoto wa kidato cha pili anaweza kukutafutia kwa simu.

Ukitaka fidia, mlango ni mahakama. Kazi kuu ya Baraza ni leseni na nidhamu. Halikulipii gharama ya miaka mitatu ya kitanda. Mahakamani utahitaji kuonyesha kwamba alikuwa na wajibu kwako, alipungukiwa na kiwango cha mtaalamu wa kawaida, na kupungukiwa huko ndiko kulikokuumiza. Kesi nyingi huangukia hapo pa tatu, kwa sababu hakuna daktari mwingine aliyeletwa kueleza. Anayeshtakiwa si lazima awe daktari peke yake. Hospitali hubeba lawama ya watu iliowaajiri, iwe ya kaunti au ya kibinafsi. Katika hospitali za kibinafsi hutokea daktari akawa mgeni aliyekodi thieta tu, kwa hiyo weka risiti zote na uangalie nani alilipwa nini.

Muda ndio unaowakosesha wengi haki. Kesi ya kawaida ya uzembe ina miaka 3. Dhidi ya Serikali, sheria inatoa miezi 12 tu. Hospitali ikiwa ya umma, usikae ukihesabu ile miaka mitatu. Muone wakili au Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria mapema, ndani ya mwaka ule wa kwanza. Kusubiri Baraza limalize kwanza si lazima, na kunaweza kukugharimu kesi yenyewe.

Mlango wa tatu ni wa jinai, na ni mwembamba. Kifungu cha 240 cha Kanuni ya Adhabu kinamkinga daktari aliyefanya upasuaji kwa nia njema, kwa uangalifu na ujuzi wa kutosha, kwa faida ya mgonjwa, ikiwa upasuaji ule ulikuwa wa busara kwa hali ilivyokuwa. Polisi wanahusika pale ambapo uzembe umepita kiasi, au aliyeshika kisu hakuwa daktari kabisa, au kuna udanganyifu.

Watu huuliza kuhusu maslahi ya wazee: je, tukikaa chini na daktari, akatoa kitu, tukasaini, mambo yamekwisha? Kusuluhishana si dhambi, na wakati mwingine ndilo jambo la busara, hasa daktari anapokiri na kueleza. Ila jua unachosaini. Karatasi ile inaweza kuja kutumiwa dhidi yako mahakamani. Na mgonjwa anayefuata, ambaye hakuwepo barazani siku hiyo, hajalindwa na kitu.

Siku za kwanza

Malalamiko mengi hufa kwa kukosa karatasi, hata pale ambapo kisa ni cha kweli. Omba nakala ya faili mapema: maelezo ya upasuaji, fomu ya ridhaa, kumbukumbu za wauguzi, vipimo, karatasi ya kuruhusiwa au ya rufaa. Katiba, kifungu cha 35, inakupa haki ya kupata taarifa, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma kujibu ndani ya siku 21. Andika barua, bakisha nakala, na nakala hiyo igongwe muhuri siku unapoipeleka. Ombi la mdomo dirishani haliachi alama.

Kama mgonjwa amefariki, hapa Kwale kuna ugumu ambao ni lazima uzungumzwe wazi. Waislamu huharakisha maziko, na ni sahihi kwao. Lakini maiti ikishazikwa bila uchunguzi, sababu ya kifo inabaki kubishaniwa kwa karatasi tu, na kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama, achilia mbali uchungu wake. Familia inayoshuku jambo ina saa chache za kuamua. Omba uchunguzi ufanywe haraka, asubuhi hiyohiyo kama inawezekana, na uliza kama daktari wa upande wako anaweza kuhudhuria. Familia nyingine zitaamua kuzika bila kungoja, na huo ni uamuzi wao. Katika hali hiyo, faili ndiyo shahidi pekee aliyebaki, na iombwe siku hiyohiyo.

Lalamiko la kwanza lipelekwe kwa msimamizi wa hospitali. Sheria ya Afya inasema kila mtu ana haki ya kulalamika kuhusu alivyohudumiwa, kwamba utaratibu wa kulalamika ubandikwe mahali panapoonekana katika kila kituo, na kwamba mlalamishi ajulishwe matokeo kwa maandishi ndani ya miezi 3. Ukiingia kituo chochote na usione utaratibu huo ukutani, uulizie. Ukipuuzwa, Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ombudsman, hupokea malalamiko dhidi ya afisi za umma.

Barua yenyewe iwe fupi. Andika jina la mgonjwa na nambari ya faili. Tarehe na saa ya kuingia, ya upasuaji, na ya tatizo kuonekana. Majina ya waliohusika, au maelezo yao kama hujui majina. Ulichoelezwa kabla, na ulichoelezwa baada. Nani aliitwa, saa ngapi, na alifika saa ngapi. Usiandike "walimuua". Andika "muuguzi alipiga simu saa mbili usiku, saa nne na saa saba, daktari alifika saa kumi na mbili asubuhi". Sentensi hiyo ya pili inaweza kulinganishwa na kumbukumbu za simu na daftari la zamu. Ya kwanza haiwezi kulinganishwa na chochote.

Na kama umekaa na mgonjwa wako wodini usiku wa leo, huhitaji kungoja kuharibike. Chukua daftari la mtoto la shule, andika saa kila jambo linapotokea: dawa, simu, daktari alipopita. Daktari mwema hatachukizwa nalo. Mara nyingi litamsaidia yeye kuliko mtu mwingine yeyote.